MGONJWA ASIYEFANANA NA MGONJWA



Katika nchi yetu hakuna anayehitaji kufundishwa namna ya kumtembelea mgonjwa wa siku saba. Mtu akilazwa hospitalini asubuhi, kabla ya jua kutua ua umekwisha kujaa: akina mama na vikapu vyao, wajomba waliotoka kijijini juu ya lori, katekista na rozari yake. Hata kilio twakijua: nani alale msibani, nani apike, nani achange kwanza. Lakini kuna ugonjwa usiokwenda kwa siku saba, wala kwa miezi saba. Huingia polepole, hukaa nyumbani kama mpangaji asiyetaka kuhama, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi huonekana mzima, hata huenda sokoni na kuimba misani. Wageni huchoka kuja. Anayebaki ni mume wake, au mke wake.

Juu ya huyo anayebaki twataka kusema wiki hii. Nasi yatupasa kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwa maana tulimpa mmoja wao shauri baya, na shauri hilo lilimwumiza mtu.

Ni mwalimu, mwenzetu wa shule hapa Bukavu. Mke wake alisoma kwa masista, akaolewa kanisani, akazaa watoto wanne. Kwa muda wa miaka sita mama huyu aliugua tumbo. Alikunywa dawa za amiba, akanywa tena. Akapewa dawa za tifoidi, za minyoo, za malaria. Mara tano au sita kwa siku ilimbidi aache kazi akimbilie chooni. Tena lilimjia jambo jingine la ajabu: ghafula uso na kifua viliwaka moto, bila jasho, moyo ukapiga mbio, kisha baada ya dakika chache vikapoa. Majirani walimwona akishika ukuta, wakasema: kasiksi. Mama asiyegusa kasiksi hata siku ya ubatizo wa mtoto wake! Wengine walisema ni umri. Na upande wa mume, kama kawaida, walianza kuuliza nani aliyemroga.

Halafu usiku mmoja utumbo ulijifunga, akapasuliwa. Daktari alikata kipande cha utumbo mwembamba palipokuwa na uvimbe mdogo, mgumu, akaona pia madoa juu ya ini. Kipande kilipelekwa kupimwa ng'ambo ya mpaka. Jibu lilipofika baada ya majuma mengi lilikuwa na jina refu: kansa ya nyuroendokrini, tena iliyokwisha kutoka penye shina lake na kuenea katika ini.

Yafaa tueleze kidogo jina hilo, maana hata miongoni mwetu walimu hakuna aliyepata kulisikia. Katika utumbo, katika kongosho, katika mapafu na mahali pengine, mmetawanyika chembe ndogo zenye kazi ya kutoa homoni, yaani ujumbe unaosafiri katika damu na kuviamuru viungo. Chembe hizo zinapogeuka kansa, mara nyingi hukua polepole sana. Daktari mmoja wa Ujerumani, Siegfried Oberndorfer, mwaka 1907 aliuita uvimbe huo kwa neno lenye maana ya kitu kinachofanana na kansa, kwa kuwa ulionekana mpole kuliko kansa nyingine. Mwishowe mwenyewe alitambua kwamba upole huo una mpaka: uvimbe huo waweza kuenea. Maadamu umo ndani ya utumbo tu, homoni zake hupitia katika ini, na ini huzivunja. Lakini ukiota katika ini lenyewe, homoni humwagika katika damu ya mwili wote. Ndipo huja moto wa uso na kuhara, pengine na pumzi kubana kama ya mwenye pumu. Na baada ya miaka, vifuniko vya moyo vya upande wa kuume vyaweza kukakamaa. Homoni inayolaumiwa zaidi ni ile iitwayo serotonini.

Katika nchi za Ulaya na Amerika, madaktari wanafunzi huambiwa kwamba wakisikia kishindo cha kwato wafikiri farasi, wasifikiri punda milia. Maana yake, watafute kwanza ugonjwa wa kawaida. Wagonjwa wa kansa hii wamejichagulia punda milia kuwa alama yao, kwa sababu mara nyingi hupita miaka mingi kabla ya kutambuliwa. Kwetu kwato za kawaida ni amiba na malaria. Hatuwalaumu waliosikia hivyo.

Basi, mwalimu alikuja kwetu jioni na ile karatasi, mkono ukimtetemeka. Aliuliza: je, nimwambie? Tukamjibu kama watu wengi wenye elimu ya nusu wanavyojibu: usimwambie. Tulisema neno kansa litamwua kabla ya kansa yenyewe. Tulisema mwanamume ni dari ya nyumba, mvua imnyeshee yeye. Tulipenda sana msemo huo. Tuliusema mara mbili. Naye akaificha karatasi ndani ya kamusi yake ya Kilatini, mahali ambapo, kama alivyodhani, hakuna mtu nyumbani angetia mkono.

Mwezi ule daktari aliagiza kipimo cha mkojo. Ni lazima mgonjwa akusanye mkojo wote wa saa 24 katika chombo kimoja, ili wapime taka inayobaki serotonini inapovunjwa. Kabla ya kipimo, na wakati wa kukusanya, aache vyakula vinavyoweza kukidanganya: ndizi, nanasi, parachichi, nyanya, biringanya, njugu za aina fulani. Maagizo hayo yaliandikwa katika karatasi. Lakini juu ya karatasi hiyo hiyo liliandikwa jina la ugonjwa. Kwa hiyo mume aliificha nayo, akimwambia mkewe tu: wanataka mkojo. Na mama, akiwa mnyonge wa tumbo, siku zile mbili alikula nini? Ndizi za kuiva, na nanasi ambalo mke wa mwandishi wa safu hii alimpelekea kwa upendo! Kipimo hakikufaa kitu. Ilibidi kilipwe tena, na fedha ya kwanza ilikuwa zamu yake ya likelemba, aliyoingoja tangu Pasaka.

Daktari aliuliza mbele yake: mama, hukusoma karatasi? Akajibu: karatasi gani?

Siku ile alipofika nyumbani alitafuta mpaka akaipata. (Kamusi ilikuwa imefutwa vumbi, naye ndiye anayefuta vumbi nyumbani, alijua kwamba mtu ameigusa.) Tulipoitwa jioni, tulimkuta ameketi, karatasi mapajani. Hakulia. Alimwambia mume wake: «Baba watoto, nimezaa mara nne, mara moja karibu nife, nawe hukunificha kitu. Leo umeona mimi ni mtoto?» Kisha akatugeukia: «Nawe, Mwalimu, ndiwe uliyemshauri. Mimi ndimi ninayekaa na ugonjwa huu usiku. Mliutaka niukae bila kujua jina lake?»

Hatukuwa na jibu. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kujibu hoja nyingi, lakini si hiyo.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika, na hapo ndipo tunapotaka wasomaji watazame vema. Waume wengi hudhani kwamba kumsaidia mke mgonjwa ni kuwa na nguvu mbele yake. Mwenzetu aliacha kuwa na nguvu, akanunua daftari ya shule ya kurasa 96. Wakaandika pamoja: saa ya kula na alichokula, saa ya moto wa uso, mara ngapi amekwenda chooni, uzito wake kila Jumapili baada ya misa. Baada ya majuma matatu daftari ilisema wazi: mlo mkubwa wenye mafuta humwangusha, pilipili vilevile, na zaidi ya yote ugomvi nyumbani. Kweli, hasira na hofu huamsha homoni zile kama pombe inavyoziamsha. Basi chakula kikawa kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku: ugali laini, samaki wa ziwa, mayai, sombe iliyopikwa bila mawese mengi. Daktari alipoiona daftari aliisoma yote, akabadili saa za dawa kwa kuifuata. Akaongeza vitamini B3, kwa sababu kansa hii huiba katika chakula kitu ambacho mwili ungekitumia kutengeneza vitamini hiyo, na akiikosa mtu ngozi yake huparara na akili yake huchoka.

Dawa yenyewe yaitwa oktreotidi. Inaigiza homoni moja ya mwili ambayo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Mwanzoni alichomwa mara tatu kwa siku chini ya ngozi. Nani amchome? Kwenda kwenye zahanati mara tatu kila siku haikuwezekana. Muuguzi mmoja alimpa mwalimu chungwa na bomba la sindano la maji, naye akafanya mazoezi mezani, watoto wakimtazama, mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Tangu hapo alimchoma mkewe alfajiri, tena saa nane baada ya shule, tena kabla ya kulala, akibadili mahali: tumbo, paja, mkono. Dawa hiyo yataka baridi ya kati ya digrii 2 na 8. Nje ya baridi yaweza kukaa siku 14 tu, isipigwe na mwanga wala joto kali. Nasi twajua umeme wa mtaa wetu! Masista walikubali kuiweka katika sanduku lao la barafu linaloendeshwa kwa jua, na mtoto wa pili akawa mjumbe wa kuileta. Mtoto huyo wa miaka kumi na mmoja hakuchelewa hata mara moja. Angekuwa hivyo na darasani!

Baadaye walipata dawa ileile iliyotengenezwa kukaa mwilini muda mrefu, sindano moja ya nguvu katika tako kila siku 28. Ni ghali. Mshahara wa mwalimu hauitoshi. Ndugu wa mama, wenzetu wa shule na kikundi cha parokia huchanga, nao siku nyingine huchanga kwa kunung'unika. Je, yaponya? Hapana, wala hakuna aliyewadanganya. Hutuliza moto na kuhara, tena huuchelewesha ugonjwa wenyewe. Mwaka 2009 madaktari wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 85 wenye kansa hii iliyotoka katika utumbo wa kati: nusu ya waliochomwa dawa hiyo walifika zaidi ya miezi 14 kabla uvimbe haujasonga mbele, kwa waliochomwa maji matupu ilikuwa miezi 6. Mke wa mwenzetu alisoma hesabu hizo mwenyewe. Akasema: miezi ni miezi, mtoto wa mwisho atajua kusoma.

Sasa tuseme habari ya jiko. Mama mzazi wa mwalimu alitoka kijijini, akamkuta mwanawe anatwanga sombe uani, mchana, watu wakipita. Alipiga kelele: «Nimezaa mwanamume au nimezaa binti?» Akasema zaidi: mke asiyeweza kutwanga arudishwe kwao wamtunze. Wasomaji wajua kwamba neno hilo si geni. Nyumba ngapi tumeziona zikivunjika namna hiyo, mke akipakiwa kwenye basi na godoro lake! Mwalimu hakugombana na mama yake. Alimpa kiti, akaendelea kutwanga. Jioni alimwambia: mama, siku ya ndoa nilimwahidi kumtunza mzima na mgonjwa, nawe ulikuwapo, ulipiga vigelegele. Mama mkwe alikaa siku tisa. Siku ya tano alichukua mchi mwenyewe.

Lakini tusimfanye mwenzetu kuwa mtakatifu. Katika mwaka wa pili tulimwona anabaki shuleni mpaka giza, akisahihisha daftari zilizokwisha kusahihishwa. Alimpiga kofi mwanafunzi kwa kosa dogo. Tulipomwuliza alituambia jambo ambalo halikuwa rahisi kwake: kwamba jioni nyingine huogopa kufungua mlango wa nyumba yake, kwamba amechoka kuulizwa na watu, mkeo hajambo?, na mtu kutongoja jibu. Kwamba usiku husikiliza pumzi ya mkewe na hapati usingizi. Tena alisema walikuwa wamelala mbalimbali tangu miezi, kwa kuwa shemeji mmoja alimwambia kansa huambukiza. Uongo! Kansa haiambukizi kwa kitanda wala kwa sahani wala kwa ndoa. Tulimpeleka kwa daktari asikie kwa masikio yake. Na mdogo wa mke alikubali kuja kila Jumamosi kutwa nzima, ili mwalimu aende ziwani kuvua au alale tu. Mara nyingi hulala. Tungependa wanaoleta kuku siku ya kwanza ya ugonjwa wafikirie kuleta Jumamosi moja katika mwaka wa tatu.

Wakati huo tulimsomea habari ya watu wawili wa mbali, ambayo twaileta hapa pia. Wapenda filamu mjini wamemwona Irrfan Khan, mchezaji wa Uhindi aliyeonekana katika «The Lunchbox» na «Life of Pi». Tarehe 16 Machi 2018 alitangaza kwamba amepatikana na uvimbe wa nyuroendokrini. Alitibiwa London. Mke wake, Sutapa Sikdar, mwandishi wa filamu, walijuana walipokuwa wanafunzi katika shule ya michezo ya kuigiza mjini Delhi, wakaoana mwaka 1995. Hawakuwa wa dini yetu, wala hawakuzaliwa wote wawili katika dini moja. Lakini juu ya neno hili wametufundisha. Aliandamana naye miaka miwili na zaidi, katika matibabu na katika kurudi kazini, maana alicheza filamu nyingine kabla hajafa. Alifariki Mumbai tarehe 29 Aprili 2020, ana miaka 53. Siku nne kabla yake mama yake mzazi alikuwa amefariki Jaipur, naye hakuweza kwenda kumzika, kwa kuwa njia zilifungwa kwa ajili ya tauni ya korona. Baada ya kifo, Sutapa aliwaandikia watu barua. Humo alieleza kwamba karatasi za madaktari alizichukua kama maandiko ya mchezo, ambayo alitaka kuyajua barabara asikose jambo hata moja. Mwalimu aliposikia hayo alicheka kwa uchungu, akasema: mwenzangu alizisoma, mimi nilizitia kwenye kamusi.

Kuna dawa nyingine ambayo wasomaji wetu walioko Ulaya wamepata kutuuliza. Mjini Rotterdam, tangu mwaka 2000, madaktari hufunga chembe ya lutetiamu yenye mionzi pamoja na dawa jamaa ya oktreotidi, nayo husafiri katika damu mpaka kwenye kansa yenyewe na kuichoma kwa karibu. Hutolewa kwa kawaida mara 4, kila baada ya majuma 8. Mwaka 2017 lilitangazwa jaribio la wagonjwa 229: baada ya miezi 20, wagonjwa 65 kwa mia wa upande wa lutetiamu walikuwa bado ugonjwa wao haujasonga mbele, na upande mwingine, waliopewa oktreotidi nyingi peke yake, walikuwa kama 11 kwa mia. Kwa siku kadhaa mgonjwa hulala peke yake, huwaweka mbali watoto wadogo na wenye mimba, na choo husafishwa kwa uangalifu, kwa sababu ya mionzi. Anayempenda atakaa upande wa pili wa chumba. Lakini dawa hiyo haiwafai wote. Kwanza hupigwa picha maalum kuona kama kansa ina mahali pa kuishikia.

Mwenzetu alitaka kuuza parsele yao ili ampeleke mkewe mbali. Alikwisha kupata mnunuzi. Zamani angeuza kwa siri, kama alivyoificha karatasi. Safari hii aliweka jambo mezani, na daftari, na hesabu zote, wakakaa usiku mbili. Mama aliuliza maswali ambayo sisi tusingeweza kuyauliza: je, sindano bado inashika? Ndiyo, picha ya mwisho ilionyesha madoa ya ini hayakukua. Je, fedha ya parsele yatosha mara zote 4, na safari, na kukaa? Haitoshi, labda mara 2. Na watoto watalala wapi? Kisha akasema parsele isiuzwe. Ugonjwa ukianza kutembea tena, wataongea upya. Mwalimu alikuja kutuambia, macho mekundu, hakukubaliana naye kabisa, na mpaka leo hakubaliani. Lakini aliheshimu neno lake, akamrudishia mnunuzi arabuni.

Sasa ni mwaka wa nne. Mama huchoka upesi, amepungua, tena moyo wake hupimwa kila mwaka. Mtoto wa mwisho yuko darasa la pili na anasoma kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Daftari imefika ya saba. Sindano nyingine ni Alhamisi ijayo. Mwalimu ameomba ruhusa ya saa ya tatu na ya nne, na hesabu za darasa lake tutazifundisha sisi.